Mstari Mmoja, Mistari Miwili: Mwongozo wa Kusoma Majibu ya Kipimo cha VVU, kwa Mwanamume na Mwanamke

Picha iliingia WhatsApp saa nne usiku. Kipimo cha kujipima kimelazwa juu ya shuka, tochi ya simu inakimulika kwa ubavuni, na chini yake ujumbe mmoja: "Dada, nisomee hapo." Nikamuuliza amejipima saa ngapi. "Mchana, kabla sijarudi kijiweni." Nikamuuliza wasiwasi wake ni wa lini. "Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mimi ni mshauri nasaha, na picha za namna hii napokea nyingi. Watu wengi siku hizi wanajua kujipima. Kusoma ndiko kunakowashinda. Yule kaka alikuwa na kipimo kizima, amekitumia vizuri tu, lakini alikisoma muda wake ukiwa umeshapita, na alikitumia kabla hakijaweza kuona alichokuwa anakitafuta. Majibu ya VVU yanasomwa kwa saa na kalenda kwanza, macho baadaye. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo. Mifano yangu ni ya Tanzania ninakofanya kazi, ila vipimo vyenyewe ni vilevile ukiwa Mombasa, Goma au Kigali.

Hatua ya kwanza: jua kipimo chako kinatafuta nini

Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, na kile cha kupitisha kwenye fizi, havitafuti kirusi. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kumtambua adui. Askari hao hawatokei siku ya maambukizi. Kwa vipimo vya aina hii huchukua kati ya siku 23 na 90 hadi waonekane. Wengi huonekana mapema ndani ya muda huo, lakini wapo wachache wanaochelewa, na wewe huwezi kujua uko kundi gani. Muda huo ndio tunaouita kipindi cha dirisha.

Kuna vipimo vya maabara vinavyotafuta kingamwili pamoja na kipande cha kirusi chenyewe. Hivyo, kwa damu ya kwenye mshipa, huweza kuona kati ya siku 18 na 45. Na kuna PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi, kati ya siku 10 na 33. Katika siku chache za mwanzo hakuna kipimo chochote duniani kitakachokuambia kitu, hata ulipe shilingi ngapi.

Naulizwa sana kama kuna kipimo cha wanaume na cha wanawake. Hakuna. Kitendanishi hakijui tone la damu limetoka kwa nani, na mistari inasomwa vilevile. Tofauti ya mwanamume na mwanamke ipo kwenye namna kila mmoja anavyofikishwa kwenye kipimo na anachokifanya na majibu akishayapata. Huko ndiko makosa makubwa yanakofanyika, na tutafika.

Hatua ya pili: hesabu siku

Chukua kalenda, weka alama siku uliyokuwa na mashaka: kondomu ilipasuka, ulilala na mtu usiyejua hali yake, ulijichoma sindano iliyotumika. Kama ni siku nyingi zaidi ya moja, hesabu kuanzia ile ya mwisho.

Ukiwa ndani ya saa 72, acha habari ya kujipima nyumbani, nenda kituo cha afya sasa hivi ukaulizie PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya kuwa hatarini. Zinamezwa kwa siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Yule kaka wa Jumamosi usiku angenitafuta hata Jumanne mchana angewahi. Jumatano usiku mlango ulikuwa umefungwa, na ilibidi nimwambie hivyo bila kupindisha.

Saa 72 zikishapita, utaratibu ninaowapa watu ni huu: pima sasa, ili tujue ulikuwa na hali gani kabla ya tukio hilo. Rudia baada ya wiki 6. Maliza baada ya miezi 3. Kama ulimeza PEP, miezi 3 hiyo ihesabu kuanzia siku uliyomaliza dawa. Na kama unatumia PrEP, zile dawa za kujikinga kabla, mwambie anayekupima, kwa sababu zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana.

Katikati ya kusubiri huko, baadhi ya walioambukizwa hupata homa, koo kuuma, vipele na tezi kuvimba, mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 4. Kwetu hapa homa ya namna hiyo mtu anainywea dawa ya malaria na maisha yanaendelea. Wengine hawahisi chochote. Kwa hiyo dalili zisikuambie unao, na kutokuwa na dalili kusikuambie huna. Ila jua kwamba wiki hizo ndizo virusi huwa vingi mno kwenye damu, na mtu anaweza kuambukiza wengine huku kipimo chake bado kinaonyesha mstari mmoja. Kondomu, basi, mpaka kalenda iishe.

Hatua ya tatu: soma kipimo kwa wakati wake

Kila kipimo kina dakika zake, zimeandikwa kwenye karatasi ya ndani. Kile cha fizi cha OraQuick husomwa kati ya dakika 20 na 40, na usile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla ya kukitumia. Vya damu vina muda mwingine, na vinatofautiana kampuni kwa kampuni. Ukiwahi, mstari unaweza kuwa haujapanda. Ukichelewa, maji yakishakauka, unaweza kutokea mstari wa kijivu usio na maana yoyote. Weka alamu ya simu. Dakika zikipita, majibu hayo yametupwa, hata yawe mazuri kiasi gani.

Sasa angalia herufi C. Huo ni mstari wa kipimo kujikagua chenyewe. Pasipo mstari wa C, kipimo kimeharibika: damu ilikuwa kidogo, muda wake wa matumizi umeisha, kilikaa juani, au dawa ya matone imetoka kwenye boksi jingine. Hata kama mstari mwingine umewaka wekundu wa kuonekana kutoka mlangoni, bila C hakuna majibu. Chukua kipya.

C ikiwepo peke yake, kipimo hakijaona kingamwili. C ikiwepo pamoja na mstari wa pili, kimeona kitu. Na hapa watu hubishana nami sana: mstari hafifu ni mstari. Ukiuona kwa shida kwenye mwanga mzuri, ndani ya dakika zake, upo. Wala kukolea kwake hakupimi wingi wa virusi. Nimeshasikia mtu anajifariji kwamba mstari wake ni mwembamba, kwa hiyo "vimeingia kidogo". Hapana. Mwembamba na mnene vyote vinakupeleka hatua moja: kurudia kipimo kituoni.

Baadhi ya vipimo, kama Bioline iliyozoeleka kwenye zahanati zetu, vina C, kisha 1 na 2. Hizo namba ni aina za kirusi. Aina ya 2 hupatikana zaidi Afrika Magharibi, na huku kwetu ni nadra. Mistari yote miwili ikipanda, mara nyingi ni kingamwili za aina ya 1 zinazogusa na upande wa pili. Usiende nyumbani ukidhani una virusi mara mbili.

Na kwenye kliniki ya wajawazito kuna kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende. Kina herufi C, HIV na SYP. Mama mmoja aliona mistari miwili, akaanza kulia kabla muuguzi hajafungua mdomo. Mstari wake ulikuwa wa SYP. Kaswende ni jambo zito kwa mtoto aliye tumboni, na inatibika kwa sindano ya penisilini, yeye na mwenza wake. Jua pia kwamba mstari wa kaswende unaweza kubaki unaonekana miaka mingi hata baada ya kupona, kwa hiyo kama uliwahi kutibiwa, sema.

Hatua ya nne: mstari mmoja, halafu?

Mstari mmoja unazungumzia damu yako ya miezi 3 iliyopita kurudi nyuma. Kuhusu wiki iliyopita haujui kitu. Kama tangu siku ya mashaka imepita miezi 3 na hukuwa hatarini tena, huna VVU, na huna haja ya kupima kila Ijumaa ili kutuliza moyo. Kama bado haijapita, unayo majibu ya zamani. Rudi kwenye kalenda.

Kuna mtu mmoja asiyetakiwa kabisa kutumia vipimo hivi, naye ni yule aliyeshaanza ARV. Dawa za kufubaza zikifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, hasa zikianzwa mapema, kingamwili zinaweza kupungua kiasi kwamba kipimo, na cha fizi zaidi, kikaonyesha mstari mmoja. Virusi havijaondoka. Vimejificha, na dawa zikiachwa vinarudi. Tuliokuwepo mwaka 2011 tunakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha babu, dawa ya miti ya mchungaji mmoja iliyodaiwa kuponya UKIMWI, kwa shilingi 500, na tunakumbuka mazungumzo ya kuacha dawa yaliyofuata. Siku hizi mambo hayo yamehamia kwenye video za simu, mtu ameshika kipimo chenye mstari mmoja anasema amepona. Huenda kipimo hicho hakijachezewa hata kidogo. Anachokionyesha ni kazi ya dawa anazotaka uziache.

Hatua ya tano: mistari miwili bado si hukumu

Lugha ya mtaani ina haraka: "amekanyaga miwaya", na maneno yameisha. Kituoni hatuendi hivyo. Kipimo kimoja kikionyesha mistari miwili, hatumwambii mtu kwamba ana VVU. Tunasema kipimo hiki kimeonyesha mwitikio, tunaendelea na kingine. Hesabu yake naomba uifuate, maana ndiyo inayoeleza kila kitu.

Chukua mfano wa watu 1,000 wa mtaa wenu, tuseme 10 kati yao wana VVU. Kipimo chetu tuseme hukosea mara 1 tu katika kila watu 100 wasio na virusi, yaani ni kizuri sana. Wale 10 kitawaona. Lakini kati ya wale 990 wasio nao, 1 katika kila 100 ni kama watu 10, nao watapata mstari wa pili kimakosa. Watu 20 wana mistari miwili, na nusu yao hawana virusi! Kipimo hakijawa kibaya. Ni kwamba wasio na VVU ni wengi mno, kwa hiyo hata kosa dogo linazaa watu. Ukiwapima hao 20 kwa kipimo cha kampuni nyingine, chenye udhaifu wa namna nyingine, wale 10 wa kimakosa karibu wote wanadondoka.

Ndiyo sababu tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri majibu ya kwamba mtu ana VVU yatolewe baada ya vipimo vitatu tofauti, vikifuatana, vyote kuonyesha mwitikio. Kabla ya hapo nchi nyingi zetu zilitumia viwili. Tena kabla ya kukuanzishia dawa unapaswa kupimwa upya kwa damu mpya, ikiwezekana na mtu mwingine, kwa sababu chupa hubadilishana na uchovu upo. Ukiona wanakurudia usidhani wanakuficha kitu. Wasipokurudia, waombe.

Kwa aliyejipima nyumbani, mistari miwili ina maana moja: funga kipimo, nenda kituoni kesho asubuhi ukaanze mlolongo mwanzo. Usianze dawa za jirani. Usimpigie mtu simu usiku huo kumlaumu.

Vipimo vikigongana, kimoja kinasema ndiyo na kingine hapana, hayo tunayaita majibu tata. Unarudi baada ya siku 14. Inawezekana una maambukizi machanga ambayo ndiyo kwanza yanaanza kuonekana, inawezekana ni kosa la kipimo. Siku 14 hizo ni ndefu, sikudanganyi. Zipite ukiwa unatumia kondomu na bila kumtangazia mtu kitu ambacho bado hakipo.

Kwa mwanaume: majibu ya mkeo ni ya mkeo

"Sina haja, mke wangu alipima kliniki yuko safi." Sentensi hii nimeisikia kwa dereva wa bodaboda, mwalimu, na mzee mmoja wa kanisa. Mume na mke wanaweza kuishi miaka wakizaa watoto, mmoja ana VVU na mwingine hana, kwa sababu kirusi hakipiti kila mnapokutana. Kwa damu ni watu wawili. Upande wa pili ni uleule: mke akikutwa na VVU haina maana yeye ndiye aliyeuleta. Mara nyingi yeye amejulikana wa kwanza kwa sababu ujauzito ulimpeleka kliniki, na mume hana kitu kinachompeleka popote mpaka augue. Kipimo hakina tarehe ya maambukizi wala jina la aliyeambukiza. Anayetumia mistari miwili kama ushahidi wa uzinzi hajui anachokisoma.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 na zaidi, na asilimia 3.0 ya wanaume. Kati ya kila watu 100 wa umri huo wanaoishi na VVU, kama 17 hawakuwa wanajua. Kampeni ya kuhamasisha upimaji ya Furaha Yangu, ya 2018, iliwalenga wanaume hasa, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa: kujipima kukaruhusiwa, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa hiyo kama foleni ya kituo inakutia aibu, kipimo cha kwenda nacho nyumbani ni halali.

Neno moja kuhusu tohara. Inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60, kama tafiti za Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) zilivyoonyesha. Haibadilishi usomaji wa kipimo, na asilimia 60 si 100.

Kwa mwanamke: mimba, na mtoto

Ujauzito, hasa kwa aliyezaa mara kadhaa, ni moja ya hali ambazo kwa nadra zinaweza kuleta mstari wa pili wa kimakosa. Vipimo vya kuthibitisha vinakuhusu wewe kuliko mtu yeyote. Kosa la pili ni kuchukua majibu ya mwanzo wa mimba kama ya mimba nzima. Mstari mmoja wa mwezi wa tatu hausemi kitu kuhusu mwezi wa nane. Omba kurudiwa mwishoni mwa ujauzito na wakati wa kunyonyesha, maana mama anayeambukizwa kipindi hicho huwa na virusi vingi sana, na mtoto yuko karibu navyo.

Mtoto wa mama mwenye VVU hasomwi kwa kipimo cha mistari. Kingamwili za mama huvuka na kukaa kwenye damu yake hadi miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha mistari miwili hata kama mtoto ni mzima kabisa. Yeye huchukuliwa tone la damu la kisiginoni likakaushwa kwenye karatasi, likapelekwa PCR akiwa na wiki 4 hadi 6, kisha hufuatiliwa mpaka baada ya kuacha kunyonya. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa. Kwa dawa, wanashuka chini ya 5.

Kama unaogopa kumwambia mume, mwambie mshauri hilo kabla ya kutoka chumbani. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa majibu, na hiyohiyo inamtaka anayejua ana VVU amweleze mwenza wake. Mambo hayo mawili hufungwa pamoja kwa kupanga: mnaweza kuitwa wote mpimwe upya pamoja, kana kwamba ni mara ya kwanza, na mshauri ndiye asome.

Majibu yanayofuata ukiwa kwenye dawa

Tangu 2016 anayethibitika anaanza ARV bila kusubiri CD4, zile chembe za kinga, zishuke. CD4 bado hupimwa, inaonyesha kinga yako iko wapi. Chini ya 200 kuna magonjwa ya kuangaliwa kwa karibu. Ila karatasi ya kuisubiri ni ya wingi wa virusi, ambayo CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo, wengi huiita HVL. Mara ya kwanza ni miezi 6 baada ya kuanza. Zaidi ya nakala 1,000 za kirusi kwa kila mililita ya damu maana yake kuna shida, mara nyingi ya kuruka dozi, mara chache ya usugu. Chini ya 1,000 vimefubaa. Ikiandikwa havionekani, hiyo ndiyo hali ambayo humwambukizi mwenza kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER wa Ulaya, uliotolewa 2016, ulifuatilia wenza waliokutana mara zaidi ya 58,000 bila kondomu, mmoja akiwa na VVU vilivyofubazwa, na haukupata ambukizo hata moja lililotoka kwa mwenza huyo. Kumbuka tu, havionekani ni jibu la HVL. Mstari mmoja kwenye kipimo cha fizi ni habari nyingine kabisa.

Yule kaka wa picha nilimtumia tarehe mbili, akaziweka kwenye alamu. Ya kwanza, wiki ya 6, alikuja mwenyewe, kipimo kingine kikiwa mfukoni hakijafunguliwa. Alitaka nikae pembeni tu, asome yeye. Dakika ya 20 ilipogonga aliinama juu ya meza, akatafuta C kwanza, halafu akaniuliza tarehe ya pili inaangukia siku gani.